Sokwe Yatima na Msitu wa Jirani

Familia inayokwenda kutembea Ngamba siku ya mapumziko hupanda mashua Entebbe, nchini Uganda, na kusafiri kilomita zipatazo 23 katika Ziwa Viktoria. Wakiisha kufika kisiwani, wageni hupanda jukwaani na kutazama ng'ambo ya uzio wa umeme, ambako sokwe hutoka msituni kuja kupokea matunda wanayorushiwa na walezi wao. Watoto hucheka wamwonapo sokwe akinyosha mkono kuomba kama mtu aombavyo. Katikati ya furaha hiyo huweza kutokea mtoto akauliza swali ambalo wazazi hawakulitazamia: "Baba, mama yake yuko wapi?"

Swali hilo lina thamani kuliko nauli yote iliyolipwa. Mzazi anayelijibu kwa ukweli amempa mwanawe somo la elimu ya viumbe. Mzazi anayelikwepa amemnunulia kichekesho cha siku moja.

Ukweli wenyewe ni mchungu. Sokwe jike huzaa kwa kawaida mtoto mmoja kila baada ya miaka ipatayo mitano, na humnyonyesha kwa sehemu kubwa ya muda huo. Mtoto hung'ang'ania mwili wa mama yake usiku na mchana, na mama hamwachi. Kwa hiyo mwindaji anayetaka kumpata mtoto humwua mama kwanza, na mara nyingi huwaua na wengine wanaokuja kumtetea. Kila yatima anayeonekana akila ndizi mbele ya wageni ni alama ya sokwe kadhaa waliokufa bila kuonekana na mtu.

Makao ya kuwalea mayatima hao yanastahili heshima. Ngamba ilianza kuwapokea mwaka 1998. Nchini Kenya, ambako hakuna sokwe wa porini, makao ya Sweetwaters karibu na Nanyuki yalianzishwa mwaka 1993, yakawapokea sokwe walioondolewa Bujumbura wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Burundi. Huko Lwiro, katika Kivu ya Kusini, kazi kama hiyo ilianza mwaka 2002. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba makao hayo ni hospitali, na hospitali haiwezi kugeuzwa kijiji. Sokwe akitunzwa vema huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Kumpokea mtoto mmoja leo ni kujitwika mzigo wa nusu karne. Kumrudisha porini ni kazi ngumu sana, kwa kuwa hakufundishwa na mama yake chakula cha msituni, hamwogopi binadamu, na madume wa porini huweza kumwua kama mgeni. Ndiyo sababu majike wa Ngamba hupewa dawa za kuzuia uzazi: nafasi ni ndogo, na yatima wengine huenda wakaja.

Kisiwa cha Rubondo, nchini Tanzania, kinatoa funzo la pekee. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliwafungulia huko sokwe wapatao 17 waliokuwa wamefugwa Ulaya. Wazao wao wanaishi porini hadi leo na kujitafutia chakula wenyewe. Lakini kisiwa hicho kilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 240, misitu iliyosimama, na hapakuwa na sokwe wenyeji wa kuwafukuza. Msitu ndio uliofanya kazi ambayo hakuna mlezi angeweza kuifanya.

Wageni wengine huona vibaya wanapokatazwa kuwagusa sokwe au kuwabeba watoto wao. Katazo hilo lina sababu. Mafua ya kawaida ya binadamu huweza kumwua sokwe, na mwaka 1966 ugonjwa uliofanana na polio uliua na kulemaza sokwe huko Gombe. Tena, picha ya mtu aliyemkumbatia mtoto wa sokwe huwatia watazamaji hamu ya kuwa na wa kwao, na hamu hiyo ndiyo soko la mwindaji. Mwenye mafua na abaki nyumbani, na asiye na mafua na akae mbali.

Familia nyingi, bila shaka, hazina nauli ya kwenda Entebbe wala Nanyuki. Familia inayokaa Picha ya Ndege, pale Kibaha kando ya barabara ya Morogoro, huenda ikadhani kwamba habari hizi ni za watu wengine. Sivyo hata kidogo. Upande wa Kisarawe iko misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na humo huishi komba mdogo wa Rondo, aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 1996. Uzito wake ni gramu zipatazo 60 tu, naye huonekana katika misitu michache ya pwani ya Tanzania na si kwingineko duniani. Hutoka usiku, na wataalamu humtofautisha na komba wengine kwa mlio wake. Kiumbe kama huyo hawezi kuokolewa kwa jukwaa na matunda. Mti wake ukikatwa, amekwisha.

Miti hiyo hukatwa kwa ajili ya mkaa, na mkaa huuzwa mijini. Si haki kumlaumu mchoma mkaa peke yake, ambaye mara nyingi hana kazi nyingine, huku mnunuzi wa Kibaha na Dar es Salaam akijiona hana hatia. Gunia linaloingia jikoni lina msitu ndani yake. Nishati nyingine ya kupikia iliyo nafuu, pamoja na kazi kwa vijana wa vijiji vinavyozunguka misitu, ni sehemu ya uhifadhi sawasawa na uzio wa Ngamba.

Waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta walisema kweli. Makao ya mayatima ni ukuta unaojengwa kwa gharama kubwa baada ya ufa kuachwa. Msitu uliosimama ni ufa uliozibwa mapema. Yafaa basi shule na wazazi wa Kibaha na Kisarawe wawapeleke watoto Pugu, kwa idhini ya ofisi ya misitu na pamoja na mwongozaji, wakae kimya jioni na kusikiliza. Mtoto atakayeuliza huko mama wa komba yuko wapi ataonyeshwa mti, na kujibiwa kwamba yumo humo, pamoja na mwanawe.