Chai ya Robo Ekari

 

Juzi mama mmoja wa kanisa letu alikuja nimwombee. Kijana wake alimaliza chuo, ametafuta kazi miaka mitatu, na sasa kuna mtu amewaambia nafasi iko, ila wakubwa wanataka chai. Nikauliza hiyo chai ni pesa ngapi. Akanyamaza, kisha akasema wanauza ile robo ekari waliyoachiwa na baba mkwe wake. Alitaka tuombe mnunuzi apatikane haraka.

Neno hilo limeninyima usingizi. Chai ni kitu unachompa mgeni hapa Amalemba hata kama sukari umekopa dukani. Sasa shamba zima limeingia kwenye kikombe, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu jina lake ni dogo.

Si vibaya neno dogo kubeba jambo kubwa. Sisi Waluhya mtu akila wali na chapati akakosa obusuma, atakwambia hajakula. Ugali umebeba chakula chote. Yesu alipotufundisha kuomba mkate wa kila siku (Mathayo 6:11), hakuishia kwa mkate wa dukani. Ndani yake mna karo, kodi ya nyumba na dawa za presha za nyanya yako. Hata Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate. Neno kama hilo ni mlango mdogo: unainama, unaingia, unakuta nyumba kubwa.

Lakini "chai" na "kitu kidogo" ni mlango uliofungwa. Mwaka 2001 Eric Wainaina alituimbia kuhusu nchi ya kitu kidogo. Tukacheza, tukacheka, tukaendelea kutoa. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haijui habari ya kikombe: anayetoa na anayepokea wote wana hatia, na kifungo chaweza kufika miaka 10. Naye Amosi (2:6) aliwakemea watu waliouza maskini kwa jozi ya viatu. Soma hapo polepole. Wauzaji waliona viatu tu. Nabii alimwona mtu aliyeuzwa.

Usidhani nawanyooshea wanasiasa kidole. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa "ya soda" kwenye ofisi moja ili karatasi zangu zisogee, Biblia ikiwa kwapani. Na sisi wahubiri tuna neno letu: mbegu. Tunasema "panda mbegu", kumbe tunataka pesa ambazo mama mboga alikuwa anunulie sukuma wiki za kuuza kesho. Mkulima wa Kakamega anajua mbegu huenda kwenye udongo, haiendi mfukoni mwa mtu.

Mama aliniuliza swali ambalo bado linanikaba: "Pasta, tusipotoa, wewe utamwajiri?" Siwezi. Tuliomba, lakini sikuomba mnunuzi. Niliomba shamba libaki. Nikamwambia Jumanne aje na kijana, na vyeti vyake, kwa sababu kuna ndugu wawili wenye biashara ambao nimeshaongea nao. Najua hakitakuwa kitu cha kulinganishwa na mshahara wa serikali, na mama aliondoka bila kutabasamu. Mwombeeni. Niombeeni na mimi.

Jumapili hii wakati wa sadaka nitasema "pesa", na mweka hazina atasoma zilikuwa ngapi na zilienda wapi. Nawe, kama kuna mtu anakungoja umtumie "ya chai" kwa M-Pesa, kwanza chukua karatasi uandike chai hiyo inatoka wapi: robo ekari, ng'ombe wa maziwa, karo ya mdogo wake. Halafu msomee mumeo au mkeo kwa sauti, kabla hujabonyeza namba ya siri.