*NENO LA KATIBU: KESI YA MTOTO HAIMALIZWI KWENYE KIKAO*



Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu wa tawi letu. Wote wanataka tawi likae na familia mbili "liyamalize" mambo ya mtoto anayedaiwa kubakwa na mtu mzima. Hoja yao ni moja: kesi itafutwa tu, hakuna aliyeona, ni maneno ya mtoto. Najibu hapa ili tusikie wote kwa pamoja.

*Tawi halitakaa kikao hicho.* Awe mwanachama, awe jirani, awe mjomba wa mtoto. Sisi si mahakama.

*"Ni maneno ya mtoto tu."* Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa kosa la kujamiiana, hata kama hakuna mwingine wa kuuunga mkono. Sharti ni hakimu aridhike kwamba mtoto anasema kweli tupu, na aandike sababu zake. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila aahidi kusema kweli na si uongo.

Hii haina maana kwamba kila anayetajwa ana hatia. Kosa hili lina kifungo kisichopungua miaka 30, na kama mtoto ana chini ya miaka 10 ni maisha. Kwa hiyo Jamhuri lazima ithibitishe pasipo kuacha shaka, na mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha kwamba hakutenda. Hakimu anapima: mtoto alimtaja mtu mapema? Maelezo yake yanasimama akihojiwa na upande wa pili? Yanalingana na ya mama, mwalimu, daktari? Je, kuna ugomvi wa kiwanja nyuma yake?

*Basi kesi zinaangukia wapi?* Mimi ni mtu wa mahesabu. Fedha inaweza kuwa imetumika vizuri kabisa, lakini mkaguzi akikosa vocha, hoja inabaki pale pale. Mahakamani ni hivyo hivyo, na vocha nyingi tunazipoteza sisi wenyewe:

1. *Kuchelewa.* Mtoto akisema leo, sisi tukikaa vikao wiki tatu, swali la kwanza la wakili litakuwa: kwa nini mlinyamaza?

2. *Umri.* Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 ridhaa haihesabiki, hivyo umri lazima uthibitishwe. Mzazi aseme tarehe ya kuzaliwa, na cheti kama kipo kipelekwe.

3. *Hospitali.* Chukueni PF3 polisi siku ile ile, kabla ya kumwogesha mtoto wala kufua nguo. Daktari hathibitishi ni nani aliyetenda, lakini anaeleza alichokiona.

4. *Mashahidi kutoweka.* Mama akipewa fedha, au shahidi akihamishiwa kwa bibi yake, hakimu hana cha kupima. Hapo ndipo watu husema "mahakama imemwachia". Tuliomwachia ni sisi.

*Tunachoomba:* Mwenye taarifa aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au apige 116. Msirushe jina wala picha ya mtoto kwenye magrupu, wala ya mtuhumiwa. Msimfundishe mtoto cha kusema. Maneno ya kukaririshwa hayadumu mbele ya maswali. Anayeitwa shahidi na hana nauli aje kwangu, kamati tumekubaliana kuchangishana mifukoni mwetu, si kwenye mfuko wa tawi.

Na wale watatu mlionipigia: jibu langu ndilo hili, hata mkipiga tena.

Imetolewa na,
Katibu wa Tawi