Wito kwa Vijana wa Kongo: Tusitoke Kwenye Mstari



Kura yangu ya kwanza niliipiga kwenye kipande cha karatasi kilichokatwa kwa mkono. Ilikuwa Jumapili, tarehe 30 Desemba 2018, mjini Beni. Siku nne kabla, ilitangazwa kwamba sisi wa Beni na Butembo, pamoja na ndugu zetu wa Yumbi, hatutapiga kura siku moja na nchi nzima. Ebola ilikuwa kwetu tangu Agosti, na usalama haukuwapo. Tuliambiwa tungoje hadi Machi, na huku rais mpya angeapishwa Januari. Hata mtoto wa shule aliiweza hesabu hiyo: wapigakura zaidi ya milioni moja tumeachwa nje.

Beni haikukaa nyumbani. Watu walijitokeza kwa maelfu, wakaandaa uchaguzi wao wenyewe. Tulinawa mikono kwanza, maana ugonjwa ulikuwa wa kweli, kisha tukapanga mstari. Mbele yangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni. Nyuma yangu mzee mmoja alikuwa ameikumbatia kadi yake ya mpiga kura kama hati ya shamba. Sote tulijua kura zile hazingeingia katika hesabu ya taifa, na bado tulisimama juani hadi zamu zetu zilipofika.

Nilikuwa na miaka 18. Nilidhani demokrasia ni mzigo unaotoka Kinshasa: ukifika tunashukuru, usipofika tunalaumu. Siku ile nilijua kwamba inaanzia kwa watu wanaokataa kufutwa.

Siwalaumu waliokata tamaa. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimezika waliochinjwa usiku. Desemba 2023 ilikuwa zamu ya Masisi na Rutshuru kukosa kura kwa sababu ya vita. Mapema 2025 Goma na Bukavu zikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Rafiki akiniuliza, "Kura inazuia risasi?" namjibu kwamba hapana, haizuii peke yake. Lakini njia ile nyingine tumeshaipita. Mobutu aliingia kwa bunduki mwaka 1965, akatolewa kwa bunduki mwaka 1997, na kwa miaka mingi katikati hapo wazee wetu waliletewa mgombea mmoja tu.

Tazameni mama zetu sokoni wanavyoendesha likelemba. Kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea kwa zamu, na aliyekwisha kupokea anawapisha wenzake. Anayetaka kupokea mara mbili anaambiwa mbele ya wote. Katiba yetu ya mwaka 2006 ina akili hiyohiyo: kifungu cha 220 kinakataza kabisa kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Mama hawa waliielewa zamani kanuni ambayo wakubwa wengi bado inawashinda.

Basi nawaomba, ndugu zangu, tuanze na yaliyo mikononi mwetu.

Kadi ya mpiga kura wengi wetu tunaitunza kwa sababu ndiyo kitambulisho chetu cha kupitia kwenye vizuizi barabarani. Tuitunze pia kwa kazi yake yenyewe. Na uandikishaji ukifunguliwa, tuwakumbuke waliokimbia vita, tuwasindikize, tusimame nao mstarini.

Wewe uliyesoma Kifaransa, keti na wazazi jioni moja, uwasomee kifungu kimoja cha katiba na kukieleza kwa Kiswahili. Kifungu cha kwanza chenyewe kinakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Haki isiyoeleweka nyumbani ni rahisi kuibwa.

Ninyi wa Lubumbashi na Kisangani, ambako washauri wa komini walichaguliwa Desemba 2023, nendeni mkawaulize habari za maji, taka na barabara ya mtaa. Waulizeni kwa heshima, kisha rudini tena mwezi unaofuata. Kiongozi anayeulizwa kila mwezi hasahau aliyemtuma.

Na anayekuja na fulana na chumvi kununua kura yako, au anayekuchochea umchukie jirani kwa kabila lake, mkatalie. Vita vyetu vimelishwa na chuki hiyo. Tusimwongezee kuni anayetuunguza.

Yule mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake sasa anasoma shule ya msingi. Mbele yangu aliona mstari mrefu wa watu waliokataa kurudi nyumbani, ingawa hawezi kuukumbuka. Sisi tunaukumbuka, na kumbukumbu hiyo ni deni. Zamu yake itakapofika, asikatiwe karatasi kwa mkono. Apewe kura ya kweli, na ihesabiwe.