Simlinki Ikivunjwa, Tuambiwe!

Wasee, kuna kitu nimekaa nayo kwa roho wiki mbili na lazima niitoe. Programu tunazotumia kuhariri faili kwenye seva zinavunja simlinki kimyakimya, alafu anayelaumiwa ni mtu ambaye hata hakuvunja kitu.

Kama simlinki ni neno geni kwako, fikiria duka la simu pale Luthuli limehama. Kwa mlango wa zamani wamebandika karatasi: TUMEHAMIA GHOROFA YA PILI, B14. Hiyo karatasi ndiyo simlinki. Haiuzi simu, inakuelekeza tu. Na si kitu imeanza jana, ilikuwa kwenye 4.2BSD ya 1983.

Ukiweka nginx kwenye Ubuntu utapata folda mbili. Sites-available ndiyo ina mipangilio yenyewe ya kila tovuti. Sites-enabled kwa kawaida ina simlinki tu, zinazoelekeza kule. nginx inasoma hii ya pili.

Sasa mimi na haraka zangu, niliingia kwa seva ya mteja kupitia SSH, moja kwa moja hadi sites-enabled, nikatumia sed -i kubadilisha jina la tovuti. Ikafanya kazi. Nikaenda zangu kula chapo.

Chenye sikujua ni kwamba sed -i haiandiki ndani ya faili uliyoipa. Inatengeneza faili mpya pembeni, kisha inaipa jina la ile ya zamani na kuchukua nafasi yake. Na ile ya zamani ilikuwa karatasi ya mlangoni! Yaani ilipanda hadi B14, ikanakili duka lote, ikarudi chini, ikang'oa karatasi na kufungua duka la pili pale pale mlangoni. Maduka mawili, bei mbili, na kwenye skrini hakuna hata neno moja.

Siku kumi baadaye beshte yangu akapewa kazi kwa seva hiyo hiyo. Programu ya kupokea oda ilikuwa imehama kutoka poti 3000 hadi 4000. Akahariri sites-available, vile inafaa. Akapima na nginx -t, ikasema iko sawa. Akaipakia upya. Tovuti: 502. Akarudia. 502. Saa nane usiku bado anakagua mistari ambayo nginx ilishaacha kuisoma. Mteja akamkata elfu tatu juu ya oda zilizopotea. Asubuhi nikaingia, nikapiga ls -l, mshale hakuna. Hapo nikajua ni mimi.

Najua kuna mtu atasema, "Buda, si ungesoma maelekezo." Sawa. Na kusema ukweli, kuandika pembeni kwanza kuna maana: mashine ikizima katikati, hubaki na faili nusu. Lakini programu inaweza kufuata simlinki kwanza, alafu ifanye huo mchezo kule faili halisi iko. sed ya GNU inajua kufanya hivyo, ila lazima uiandikie --follow-symlinks. Mbona usalama ndio uombwe? Hata ukihariri kwa laptopu na kupandisha kwa SFTP, kuna programu zinatuma faili ya muda kisha zinabadilisha jina, na simlinki inaenda vile vile.

Sitaki pia zifuate kila mshale ovyo. Kwenye Ubuntu, /etc/resolv.conf kwa kawaida ni simlinki inayokupeleka ndani ya /run, kwa faili inayoandikwa na systemd-resolved. Ukiifuata ukaweka DNS zako pale, zitafutwa tu. Mshale hapo unakuonyesha faili ina mwenyewe. Ndio maana naomba kitu kidogo sana, mstari mmoja kabla ya kuandika: hii ni simlinki, faili halisi iko huku, niendelee?

Hadi hiyo siku ifike, mimi napiga ls -l kwanza. Nikiona herufi l mwanzo wa mstari, natumia readlink -f kujua faili halisi iko wapi, nahariri huko.

Zile elfu tatu nilimtumia beshte kwa M-Pesa. Hakuniandikia asante. Alijibu na mshale tu: ->