Hiyo "Skolashipu" Yako ni Basari Imevalishwa Tai

Wasee, kuna maneno mawili ya Kizungu yanatuumiza huku Malakisi: "scholarship" na "bursary". Kamusi inayaweka karibu karibu, kwa sababu yote ni pesa ya shule ambayo hurudishi. Lakini basari ina mzizi wa Kilatini, bursa, yaani mfuko. Unapewa kwa sababu mfuko wa nyumbani umetoboka. Skolashipu ni ya kichwa, unapewa kwa sababu umepita vizuri.

Basari tunaijua. Ni ile ya NG-CDF: unajaza fomu, chifu anapiga muhuri, unangoja, inakuja elfu kadhaa. Hakuna mtu huahirisha harambee sababu ya basari. Skolashipu nayo wengi tuliijulia kwa Wings to Fly, ambayo tangu 2010 inachukua watoto werevu wa familia zisizojiweza na kuwalipia sekondari, mpaka yunifomu. Kwa hivyo mama wa hapa akisikia skolashipu, anaelewa kila kitu kimelipwa.

Halafu 2023 serikali ikaleta mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, ikaita sehemu moja skolashipu. Buda, haiangalii gredi yako! Ukishapata nafasi chuoni, inaangalia mapato ya kwenu na kukuweka kwa mojawapo ya makundi matano. Kundi la kwanza, wale hawana kitu kabisa, linapata asilimia 70 skolashipu, 25 mkopo wa HELB, familia inatoa 5. Kundi la tano ni 30, mkopo 30, nyumbani 40.

Na sipingi hesabu. Mwenye C+ ambaye kwao hakuna kitu apate zaidi ya mwenye A wa Kitale ambaye babake ana malori matatu. Ni haki kabisa. Lakini basi iitwe basari.

Kwa sababu ujumbe ukiingia kwa simu, "umepewa skolashipu," kijiji kinashangilia, khocha anafunga mkoba, kamati ya harambee inavunjwa. Mtoto anafika chuo na salio la karo, juu yake chumba na chakula. Akipiga simu nyumbani anaulizwa skolashipu ameipeleka wapi. Mimi niliacha chuo sababu ya karo, hiyo simu naijua.

Kama ujumbe wako umeingia wiki hii, usimtajie khocha neno skolashipu. Mtajie shilingi: ngapi zimelipwa, ngapi ni deni lako, ngapi ni zao. Na umwambie kabla kamati haijachinja mbuzi.