Mahakama Ilimwachia, Wimbo Ukamfunga

Jamani, huyu Lizzie Borden bado anatugombanisha hosteli. Tarehe 4 Agosti 1892, mjini Fall River, Marekani, baba yake, Andrew, na mama wa kambo, Abby, waliuawa kwa shoka nyumbani kwao. Lizzie akashtakiwa, na mwaka 1893 akaachiwa huru.

Nadharia haziishi: eti ni Bridget, mtumishi wa ndani, eti ni mjomba aliyekuja kutembea, eti ni mtu wa nje. Hii ya mwisho inanishinda. Abby alikufa zaidi ya saa nzima kabla ya mumewe. Huyo mgeni alijificha wapi? Tena Lizzie alichoma gauni siku 3 baadaye. Hata mimi namshuku. Lakini kushuku siyo kuthibitisha, na hakuna aliyemwona na damu.

Wimbo wa watoto ukamhukumu kwa mapigo 40 na 41, wakati hakuna marehemu aliyepigwa hata 20. Walimu watarajiwa, tukumbuke hilo: tunachoimbisha darasani hakikatiwi rufaa. Na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp je, nani anadai ushahidi kabla jina la mtu halijachafuka?