Abiria wa kiti cha magurudumu si mzigo wa buti

Wahenga hawakukosea walipotuusia kwamba hujafa hujaumbika. Leo waweza kuwa unaruka mitaro ya Nairobi na kudandia matatu ikiwa mwendoni, kesho ukajipata na mguu uliotiwa plasta. Au nyanya anateleza bafuni, anavunjika nyonga, na anaruhusiwa kutoka hospitalini akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hapo ndipo jamaa nyingi za mjini hutambua kwamba kumpeleka mgonjwa kliniki ni kazi moja, na kumfikisha salama ni kazi nyingine.

Matatu nyingi hazina nafasi yake. Ngazi ni za juu, mlango ni mwembamba na makanga ana haraka. Kwa hivyo familia huita teksi. Je, mimi na wewe tunajua la kufanya teksi hiyo ikifika mlangoni?

Suala hili si la watu wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Wakenya zaidi ya 900,000 wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine, na shida ya kutembea ndiyo iliyotajwa na wengi zaidi. Hao ni mbali na wazee na majeruhi wanaotumia mikongojo kwa muda tu.

Tuanze na teksi ya kawaida, maana ndiyo tuliyo nayo wengi. Katika gari kama hilo abiria huhama kutoka kitini mwake hadi kiti cha gari. Dereva aegeshe mahali tambarare, afungue mlango hadi mwisho na kusukuma kiti cha mbele nyuma kabisa ili miguu ipate nafasi. Kisha, kabla ya kumgusa mtu, aulize: "Nikusaidieje, mama?" Mwenye kiti anajua mwili wake kuliko sisi sote. Wengine huhama wenyewe na wanachotaka ni kushikiliwa kiti tu kisisogee.

Kiti cha magurudumu kiwekwe karibu na mlango kikiwa kimeelekezwa upande kidogo, breki zote mbili zifungwe, na vibao vya kuwekea miguu vikunjwe au vitolewe. Abiria aketi kwanza, kichwa kikikingwa kisigonge paa, halafu miguu iingizwe. Kosa la kawaida ni kumvuta mtu kwa mikono au kumnyanyua kwa makwapa. Aliyepatwa na kiharusi ana bega dhaifu upande mmoja, na mvuto mmoja tu waweza kulitegua. Baada ya hapo afungwe mshipi wa usalama kama abiria mwingine yeyote.

Kiti chenyewe nacho kina utaratibu wake. Ondoa mto, kikunje, kisha ukinyanyue kwa fremu. Ukikishika kwa viegemeo vya mikono, vingine huchomoka na kiti kikakuangukia miguuni. Mahali pake ni kwenye buti. Wengi hukitupa kiti cha nyuma bila kukifunga, na hapo ndipo hatari ilipo. Gari likigonga kwa ghafula, kitu kisichofungwa huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule. Mikongojo vilevile isiachwe juu ya dashibodi wala katikati ya magoti ya abiria. Ilazwe butini.

Na mtoto mwenye ulemavu asipakatwe. Najua mama anaona kifua chake ndicho salama zaidi, lakini katika mgongano mkali mtoto wa kilo 10 huvutwa kwa nguvu ya kilo 200 au zaidi. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kuzuia uzito huo.

Kuna wale wasioweza kuhama, au wanaotumia viti vya umeme ambavyo vingine huzidi kilo 100. Hao huhitaji gari kubwa lenye ubao wa mteremko au lifti, wasafiri wakiwa wameketi katika viti vyao. Wakati wa kupanda, msaidizi asukume akiwa nyuma ya kiti, na abiria atazame ndani ya gari. Wakati wa kushuka, kiti kirudi kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini. Anayemshusha mtu akiwa ametangulizwa uso hujitafutia balaa, kwani abiria aweza kumwagika kama maji. Kiti cha umeme kizimwe kikishatulia mahali pake.

Ndani ya gari kama hilo kumbuka mambo matatu. Kwanza, kiti kisikae upande. Kielekee mbele, isipokuwa gari liwe limetengenezwa maalum ili abiria aegemee ukuta imara na kutazama nyuma, kama zilivyo teksi nyeusi za London. Pili, kiti kifungwe kwa kamba nne, mbili mbele na mbili nyuma, kulabu zikishika fremu yenyewe wala si magurudumu au vibao vya miguu. Tatu, abiria naye afungwe mshipi wake wa gari, ukipita chini juu ya mifupa ya nyonga na mwingine begani. Ule mshipi mdogo ulioshonwa kitini ni wa kumsaidia kukaa wima. Haukutengenezwa kwa ajali.

Kwa nini kamba nne zote hizo? Viti vilivyoundwa kutumika ndani ya magari hujaribiwa kwa mgongano wa takriban kilomita 48 kwa saa, ambapo kila kitu huvutwa kwa nguvu mara 20 ya uzito wake. Kiti cha kilo 15 huvuta kama kilo 300. Breki za kiti pekee haziwezi kustahimili nguvu hiyo, hata dereva akikuapia kwamba ataendesha polepole.

Kisha kuna suala la heshima na nauli. Baadhi ya madereva humuuliza msindikizaji, "Huyu anaenda wapi?" ilhali mwenyewe yuko pale na kinywa anacho. Wengine huongeza pesa kwa sababu ya kiti. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Sheria ya mwaka 2003 iliwataka wenye magari ya umma wayarekebishe, na mwaka 2025 sheria mpya ikachukua nafasi yake. Kwingineko hatua zimepigwa. Teksi zote nyeusi za London zimetakiwa kuingiza viti vya magurudumu tangu Januari 2000, na nchini Uingereza, tangu Aprili 2017, dereva wa teksi iliyoorodheshwa kuwa inafaa viti hivyo hatakiwi kumtoza mwenye kiti nauli ya ziada.

Sisi tunaweza kuanza na simu tu. Unapoita teksi, sema wazi: kuna kiti cha magurudumu, kinakunjika au hakikunjiki, abiria anaweza kusimama au hawezi. Uliza ukubwa wa buti na mpatane nauli kabla ya safari. Ukipata dereva mvumilivu anayefunga mishipi bila kukumbushwa, ihifadhi nambari yake, na uwape majirani pia. Dereva wa aina hiyo anastahili wateja.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.